Mhakiki wa Mijusi Arobaini na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Imerudi makala yangu. Ya nane! Bahasha ile ile ya kaki, karatasi zile zile, na ukurasa wa kwanza umejaa wino mwekundu. Chini kabisa Mhariri ameandika: Asante. Bado. Bado nini? Hasemi. Miaka kumi na tisa niko kwenye Chama cha Wachunguzi wa Viumbe, na neno ninaloambulia ni hilo tu.

Niandike hapa, nipumue. Kanuni ya nne ya Chama inasema hakuna anayekuwa Mwanachama Kamili mpaka andiko lake lichapishwe kwenye Jarida. Jarida linatoka mara nne kwa mwaka, na kwa miaka sitini na minane halijakosa toleo hata moja. Mwaka ule maji yalipoingia kiwanda cha uchapaji, lilitoka karatasi moja tu, lakini lilitoka. Asiyechapishwa ni Mwanachama wa Kawaida. Hukaa kwenye benchi la ukutani, hapigi kura, na chai yake huja kwenye glasi. Wanachama Kamili hukaa mezani. Chai yao ina kikombe na kisahani.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakaa mezani. Ni daktari wa meno. Alichapisha kurasa mbili na nusu kuhusu meno ya popo, na tangu siku hiyo hata akija kwangu hutazama chini ya kikombe kama kuna kisahani.

Mimi nina kurasa thelathini na sita kuhusu mijusi wa ukutani. Miaka minne nimewahesabu sebuleni kwangu, kila siku kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni, daftari mkononi. Sijakosa siku, hata nilipougua tumbo. Jumla: mijusi arobaini na mmoja! Mke wangu anasema angalau popo wa kaka yake hawakuwahi kuhamia nyumbani.

Nimelijua tatizo. Si mijusi. Ni jina langu. Mhariri akiliona tu, kalamu nyekundu inajivua kifuniko yenyewe. Basi jina litaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimemzaa mtu. Nimemzaa kazini, dirisha la pili la Posta, kati ya saa nne na saa tano. Karani wa posta hasumbuliwi na sanduku la barua. Namba 417 lilikuwa wazi, nikajaza fomu, nikatunga jina. Jina lenyewe siliandiki hata humu, maana mke wangu hupangusa vumbi kwenye meza hii kuliko vumbi lilivyo. Nitamwita Mgeni.

Mgeni ni mtafiti. Anaishi mji wa mbali, safari ya siku mbili, na hapendi kusafiri. Kwa nini mtu wa mbali ana sanduku hapa? Sijui. Nitalifikiria.

Nimebadilisha kichwa cha makala. Kilikuwa "Mijusi wa Sebuleni Kwangu". Sasa ni "Mijusi wa Sebule Moja". Hakuna atakayejua. Nimeipiga muhuri mwenyewe na kuipeleka kwa Mhariri. Muhuri umetoka safi, duara kamili.

Jumatano, 12 Machi

Siku nane kimya. Leo bahasha ya kaki. Lakini haikuja kwa Mgeni. Imekuja kwangu!

Mhariri anasema Jarida limepokea makala kuhusu mijusi wa ukutani. Kama ilivyo desturi, jina la mwandishi limeondolewa, na makala inapelekwa kwa wahakiki wawili wanaoijua mada. Nao hawatajwi, ili waseme kweli bila kuoneana haya. Na kwa kuwa katika Chama kizima hakuna aliyewatazama mijusi kwa muda mrefu kama mimi, ananiomba niwe Mhakiki wa Kwanza.

Nimeisoma mara tatu nimesimama na mara moja nimekaa. Miaka kumi na tisa sijawahi kuombwa kuhakiki hata orodha ya majina ya kuku. Leo nimeombwa. Nimhakiki Mgeni. Ambaye ni mimi.

Nimefurahi? Nadhani. Nimeogopa? Nadhani pia. Dirishani nimemkabidhi mama mmoja barua za jirani yake, kisha nikamwomba radhi jirani, ambaye hakuwepo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeandika uhakiki. Sentensi tatu. Makala hii haijapata kutokea. Mwandishi ni kichwa. Ichapishwe mara moja.

Nimemsomea mke wangu, nikimwambia ni makala ya mtu nisiyemjua. Akauliza kama nimeshaisoma hiyo makala. Nikasema haina haja, najua kilichomo. Akauliza nimejuaje. Nikasema wataalamu tunajua. Akanitazama kidogo, akasema mhakiki anayesifu tu watu watadhani ni ndugu wa mwandishi.

Hapo ana hoja, ingawa ametoka ukoo ule ule wa daktari wa meno. Lazima niweke kasoro moja. Ndogo, isiyouma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku, nikakaa sebuleni kutafuta kasoro ndogo.

Ukurasa wa tatu. Mwandishi anasema kila mjusi aliyetokea mahali papya alihesabiwa kuwa mjusi mpya. Nikaandika pembeni: Je, mjusi akitoka nyuma ya saa akaenda nyuma ya kalenda, amekuwa wawili?

Nikaweka kalamu chini. Amekuwa wawili? Nimelitafuta jibu kurasa zote thelathini na sita. Halimo. Mwandishi huyu hakujiuliza hata siku moja! Nikaanza kupata joto. Ukurasa wa kumi na tisa anadai mijusi hupenda ukuta wa mashariki kwa asili yao. Nikaandika: Taa ya sebule iko ukuta gani? Nikainua macho. Taa iko ukuta wa mashariki. Wadudu wanafuata taa, mijusi wanafuata wadudu, na mtu mzima amekaa chini yao miaka minne hajaona!

Basi kalamu ikapamba moto. Kurasa nne. Nimeandika kwamba mwandishi amehesabu pembe za sebule, hakuhesabu mijusi. Nimeandika kwamba wakati wa wasomaji wa Jarida si wa kuchezewa. Nimeikimbiza Posta ikawahi gari la saa tisa. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikajiona kabisa nimekaa mezani.

Nilikuwa nanawa mikono nilipokumbuka mwandishi ni nani.

Jumanne, 18 Machi

Sanduku 417. Mhariri amempelekea Mgeni maoni ya wahakiki wote wawili.

Mhakiki wa Pili ni mtu mwema. Aya moja tu. Anasema kazi ina subira ya ajabu, ila mwandishi awatie mijusi alama mgongoni kwa rangi isiyodhuru, kama ile wanayotumia madaktari wa meno, kisha awahesabu upya. Anamtakia afya. Sijui ni nani, lakini shemeji siye. Shemeji hajawahi kunitakia afya.

Mhakiki wa Kwanza ni mnyama. Nimesoma nusu tu damu ikanipanda. Amehesabu pembe za sebule! Nani kampa ruhusa ya kusema hivyo? Anajua jasho la miaka minne? Ndiyo, anajua. Lakini hata hivyo! Kilichonikata maini ni kwamba nimetafuta neno moja la uongo katika kurasa zake nne na sikulipata.

Jumatano, 19 Machi

Mgeni amejibu. Kurasa tano. Amesema Mhakiki wa Kwanza hajawahi kumwona mjusi ila kwenye picha. Amesema maneno yake yana harufu ya kijicho cha mtu aliyeachwa benchini. Nilipokuwa naandika nilisikia raha. Mgeni hajui kumung'unya maneno. Nampenda.

Ijumaa, 21 Machi

Mhariri amenitumia majibu ya mwandishi, kama desturi inavyotaka. Nimeyafungua nikiwa nimesahau. Sijawahi kumwona mjusi? Mimi? Na hilo la benchini amelijuaje?

Nimekosa hamu ya kula mchana. Mke wangu ameuliza nimegombana na nani. Nikaanza kueleza, nikafika katikati, nikagundua kwamba sijui niko upande gani. Nikasema nimechoka tu.

Jumamosi, 22 Machi

Mkutano wa mwezi. Chumba chetu kile juu ya duka la rangi, madirisha wazi kwa sababu ya harufu. Matoleo yote ya Jarida yako rafuni, yamejaladiwa kwa kitambaa cha buluu, kuanzia lile la mwaka wa kwanza ambalo mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa viatu. Mimi benchini. Glasi mkononi.

Mhariri akasimama. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na husimama kana kwamba ubao uko nyuma yake. Akasema atatusomea uhakiki mmoja, bila kutaja aliyeandika wala aliyeandikiwa, ili tukumbuke Jarida lina kazi gani. Akasoma. Neno kwa neno! Pembe za sebule. Saa na kalenda. Taa. Nikaishika glasi kwa mikono miwili.

Alipomaliza Mwenyekiti alisema kwa miaka mingi hajasikia uhakiki ulionyooka namna ile. Shemeji akagonga meza, akasema mtu aliyeandika vile ndiye anayestahili kukaa hapa nasi. Meza nzima ikaitikia. Nikavimba. Hapo hapo mwingine akasema lakini huyo mwandishi, masikini, mtu gani anahesabu mjusi mmoja mara kumi. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu wahakiki wanacheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu waandishi wanaumia. Mwenyekiti akaniuliza maoni yangu, kwa kuwa nawajua mijusi. Nikasema mhakiki yuko sahihi kabisa na pia amekosea sana. Wakasema nina huruma.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, kama jina la mhakiki huyo litachapishwa. Mhariri akasema halijawahi kuchapishwa jina la mhakiki na halitachapishwa. Kwa hiyo sifa zote zimeenda kwa mtu asiye na jina, na kicheko chote kwa mtu asiyekuwepo. Mimi nimerudi nyumbani na glasi ya Chama. Niligundua njiani.

Shemeji alinikimbilia ngazini. Akanipa kichupa cha dawa nyekundu, ile wanayompaka mgonjwa kuonyesha meno yamechafuka wapi. Akasema labda itanifaa, akanipiga begani, akaondoka. Mbele ya watu! Kama meno yangu ni machafu angeniambia nyumbani.

Jumapili, 23 Machi

Nimepaka dawa ya shemeji kwenye meno ili nimwonyeshe kwamba ni safi. Si safi. Mke wangu amecheka mpaka akakaa kwenye ngazi za jikoni. Nimepiga mswaki mara sita na bado ni mekundu.

Nikiwa nimefunga mdomo, nikakumbuka ushauri wa Mhakiki wa Pili. Rangi isiyodhuru, ya madaktari wa meno. Bahati iliyoje kwamba shemeji ametaka kunitukana kwa kitu chenye manufaa!

Saa kumi na mbili unusu mijusi wakatoka. Nilitumia pamba na kijiti cha ufagio. Nilisogeza kochi, nikapanda stuli, nikaanguka na pazia. Mke wangu akashika tochi bila kuulizwa. Kila aliyetokea nilimtia doa jekundu mgongoni. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Baada ya hapo kila aliyetokea alikuwa tayari ana doa. Nyuma ya saa: doa. Nyuma ya kalenda: doa. Juu ya taa: madoa mawili, maana huyo nilimchanganya.

Watatu. Nimeishi na mijusi watatu kwa miaka minne nikawaita arobaini na mmoja. Nimekaa kwenye kochi lililogeukia ukuta, nikaona uchungu ambao sikuutarajia. Mke wangu akazima tochi, akasema watatu nao si haba.

Jumatatu, 24 Machi

Mhariri ameniita ofisini baada ya kazi. Ofisi, juu ya duka lile lile la rangi, ni meza moja, viti viwili, na rundo la bahasha za kaki. Aliniomba nikae, akaniita Ndugu Karani, jambo ambalo hulifanya akiwa na neno zito.

Alisema ile makala ya mijusi itaingia toleo la Aprili. Nilishika kiti. Akasema ameipunguza mpaka kurasa nne. Idadi ameitoa, habari ya ukuta wa mashariki ameitoa. Alichobakiza ni jedwali la saa. Siku elfu moja mia nne na sitini na moja, bila kuruka hata moja, saa ambayo mjusi wa kwanza alitokea. Akasema ameandika kwa vyama vingine vitatu vinavyobadilishana nasi matoleo, na hakuna mwenye kitu kama hicho.

"Jarida silitoi kwa ajili yangu wala kwa ajili ya anayeandika," alisema. "Miaka hamsini ijayo kuna mtu atataka kujua mijusi walikuwa wanatoka saa ngapi wakati wetu. Huyo ndiye ninayemfanyia kazi. Na atataka kujua ni nani alikaa akawatazama."

Sijui kwa nini macho yaliniwasha. Labda rangi ya dukani.

Kisha akaeleza sharti. Mwandishi wa Jarida lazima asaini tamko mbele yake, kwa mkono wake na jina lake halisi, kwamba kazi ni yake. Kila mtu amesaini, hata Mwenyekiti. Mwisho Ijumaa saa nne asubuhi, Jarida likienda kiwandani. Nikasema mwandishi yuko mbali. Akasema sanduku lake liko dirisha la pili, bila shaka nikimtafuta nitamwona.

"Mwambie aje tu," alisema. "Sitamuuliza neno. Na wewe ukimwona, mwambie namsubiri miaka kumi na tisa."

Akanisogezea fomu. Akaweka kalamu juu yake, ya buluu, si nyekundu. Kisha akageukia dirishani, akanipa mgongo. Sikujua anatazama nini. Chini kuna makopo ya rangi tu. Nikamsaidia kunyoosha zile bahasha, nikaaga.

Njiani nimejiuliza. Amemsubiri Mgeni miaka kumi na tisa? Mgeni ana wiki tatu.

Jumanne, 25 Machi

Mke wangu aliweka kijiko chini wakati wa kifungua kinywa.

"Baba watoto," alisema, "nenda ukasaini."

Nikauliza nisaini nini. Akasema ile karatasi ya mijusi. Nikasema makala ni ya mtu wa mbali. Akasema mtu wa mbali ana kochi lenye tundu la pasi mkono wa kushoto, kama letu, liko ukurasa wa ishirini na mbili. Nikasema makochi yanafanana. Akasema amechoka kupita pale chini mikutanoni, akitazama juu dirishani, na kuona kisogo changu pale benchini wakati wengine wako mezani. Amesema hivyo bila mzaha. Miaka yote nilidhani hajali.

Nikavaa viatu. Nikafika mlangoni. Hapo ndipo akili ikaanza kufanya kazi, kwa bahati mbaya au nzuri. Nikisaini, Mgeni ni mimi. Mgeni akiwa mimi, wote watajua aliyehesabu mjusi mmoja mara kumi ni nani. Watauliza nani basi alikuwa Mhakiki wa Kwanza, maana nani mwingine anawajua mijusi? Watajua kwamba nilijihakiki. Watajua kwamba nilijitukana, nikajijibu, na nikajikasirikia. Shemeji atacheka mpaka ang'oke meno yake mwenyewe. Nisiposaini, hakuna makala. Nikisaini, hakuna mhakiki.

Nimevua viatu. Mke wangu alichukua sahani yangu kabla sijamaliza.

Jumatano, 26 Machi

Dirishani siku nzima. Mzee mmoja alikuja kufunga sanduku la kaka yake aliyefariki. Nikampa pole, nikampa fomu. Akasema jamaa wa kaka yake wameandika habari zake gazetini, na chini limewekwa jina la aliyeandika.

Niligonga mihuri kumi na miwili juu ya meza tupu.

Mgeni afe! Kwa nini sikuliona? Maiti haiitwi ofisini kusaini. Mtafiti akifa, Jarida humwandikia tanzia. Na chini ya tanzia huchapishwa jina kamili la mwandishi wa tanzia! Nimekimbilia Kanuni ya nne. Inasema andiko. Haisemi andiko la nini. Kwa hiyo Mgeni anatoweka na aibu yake yote, Mhakiki wa Kwanza anabaki na heshima zake, na mimi, mimi mwenyewe kwa jina langu, naingia kwenye Jarida. Wote watatu tunapona, isipokuwa mmoja.

Alhamisi, 27 Machi

Tanzia imekamilika. Ukurasa mmoja. Marehemu alikuwa mtu mpole, mwenye subira isiyo na mfano. Alikaa na viumbe wadogo miaka minne asiwadhuru. Aliandika mengi, akarudishiwa mengi, hakukata tamaa. Alitamani kitu kimoja tu maishani, hakukipata. Nilipofika hapo nikaanza kulia kweli kweli, ikabidi ninakili upya kwa sababu wino ulitapakaa. Sijawahi kumlilia mtu hivi, na huyu sikumjua.

Nimempelekea Mhariri mkononi. Fomu ilikuwa bado mezani, na kalamu ya buluu juu yake, pale pale. Akasoma tanzia. Akairudia. Akavua miwani.

"Una hakika amefariki?"

Nikasema nina hakika.

"Hakuna namna yoyote anaweza kuwa hai mpaka kesho saa nne?"

Nikasema kwa jinsi ninavyofahamu mambo haya, hapana. Akanitazama usoni. Ningesema alikuwa na huzuni, lakini kwa nini amlilie mtu ambaye hajamwona? Nikampa pole. Akaipokea, akasema nami pole sana. Kisha akaifungua droo, akaiweka fomu ndani taratibu, akaifunga.

Ijumaa, 28 Machi

Saa nne ilinikuta dirishani. Nilitazama saa ya ukutani mpaka mshale ukapita. Mteja akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema nimefiwa.

Saa sita barua ya Mhariri imefika. Makala ya mijusi imeondolewa, kwa kuwa haikusainiwa. Kurasa nne zimepewa shemeji. Meno ya popo, sehemu ya pili! Na tanzia haitachapishwa. Tanzia za Jarida ni za Wanachama Kamili peke yao, na marehemu hakuwahi kuwa Mwanachama Kamili, kwa sababu hakuwahi kuchapishwa. Nimesoma mstari huo mara nyingi. Kila nikifika mwisho wake najikuta mwanzo.

Shemeji amepita Posta. Hakuja kutuma kitu. Amesema angependa kurasa zile nne apewe mwingine, na kwamba yeye alikwisha kusema neno zuri pale palipohitaji kusemwa, zaidi ya hapo hana uwezo. Neno gani? Wapi? Akauliza kama kichupa kilifaa. Nikafunga mdomo, nikamwonyesha kwa kichwa kwamba meno hayajambo. Akaondoka akitikisa kichwa. Mtu huyu sitamwelewa.

Nyumbani nimemweleza mke wangu kwamba mtafiti yule wa mbali amekufa na kazi yake imekufa naye. Akasema anajua, aliona nikimwua. Akaingia chumbani. Nimekaa sebuleni peke yangu. Mijusi wametoka saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne, wote watatu. Nimeandika saa hiyo kwenye daftari, halafu nikajiuliza naandikia nani.

Nimeirudia barua mara ya mwisho. Chini, kwa wino wa buluu, kuna mstari ambao sikuuona. Mhariri anasema jedwali la saa ataliweka mpaka toleo la Julai. Desturi inaruhusu kazi ya marehemu isainiwe na mrithi wake, akifika ofisini mwenyewe. Ananisihi nifikirie kwa utulivu ni nani hasa aliyekuwa karibu na marehemu kuliko wote, na nimlete. Amepiga mstari chini ya neno nani.

Nimefikiria kwa utulivu. Nimefikiria mpaka chai ikapoa. Kumbe jibu lilikuwa wazi muda wote, nami nahangaika bure!

Mgeni ameacha mjane. Mwandiko wake unalalia kushoto. Sanduku 418 liko wazi.